Kila nikikaa mtini kulungu wananinusa. Nifanye nini na harufu yangu?

SWALI: Mimi ni Mkenya, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Huu ni msimu wangu wa pili wa kuwinda kulungu kwa upinde, kwenye ardhi ya umma huko kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa jimbo. Asubuhi nakaa bondeni karibu na kijito, jioni nakaa juu ya kilima ili nione mbali. Nimenunua sabuni isiyo na harufu, dawa ya kupuliza, suti ya kaboni na chupa ya mkojo wa mbweha. Zaidi ya dola 500 zimekwenda. Hata hivyo, kulungu wakikaribia wanasimama, wanainua pua, wanakoroma na kutimka mikia juu. Sasa naambiwa ninunue mashine ya ozoni. Ninunue, au kuna kitu nakosea?

JIBU: Ndugu yangu, mashine ya ozoni usinunue, na sababu yake nitaieleza huko mbele. Kuna sentensi moja katika swali lako ambayo naona umeiandika kwa kupita tu, kumbe ndiyo yenye jibu: asubuhi unakaa bondeni, jioni unakaa juu. Kwa vilima vile umepindua mambo. Hata ukioga mara kumi kwa siku, ukikaa hivyo kulungu watakunusa.

Sikulaumu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo wengi wa rika lako hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwafundisha mambo ya upepo na mnyama. Mimi mwenyewe nimekulia Pangani, kwa wavuvi. Nilipoanza kuwinda Wisconsin, ng'ambo ya Mto Mississippi kutoka kwenye vilima vyako, misimu mitatu ya mwanzo nilirudi nyumbani mikono mitupu. Elimu niliyoihitaji nilikuwa nayo tangu utotoni, ila niliizoea baharini, na ilinichukua muda kuitambua nilipoikuta msituni.

Tuanze na mnyama. Kulungu tunayemsema hapa si yule mbawala wa vichaka vya kwetu, mwenye pembe za kudumu. Huyu wa mkia mweupe ni wa jamii nyingine. Dume wake hudondosha pembe kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huotesha mpya. Wasomaji wa Biblia wangemwita ayala. Maisha yake yote yanaendeshwa na pua. Ndani ya pua hiyo ndefu mna mikunjo mingi ya ngozi laini inayonasa harufu, ncha yake huwa na unyevu, na kwenye kaakaa ana kiungo cha pili cha kunusia, ambacho dume hukitumia kupima mkojo wa jike. Ana tezi za harufu kwenye vifundo vya miguu ya nyuma, katikati ya kwato, karibu na macho na kwenye paji la uso. Kila anapokanyaga au kujisugua mtini anaacha habari zake, na wenzake wakipita wanazipata. Macho yake huyatilia shaka: akikuona umetikisika atapiga guu chini, atazungusha shingo, ataangalia tena, na ukitulia huenda akaendelea kula. Pua akiishaiamini, mazungumzo yamekwisha.

Kiswahili kinatofautisha kunuka na kunukia. Jasho linanuka, asumini inanukia. Kulungu hana tofauti hiyo. Sabuni ya kufulia yenye manukato ya maua, mafuta ya nazi kichwani, udi uliofukiziwa nguo, vitunguu vilivyokaangwa jikoni huku koti lako la kuwindia limetundikwa mlangoni, vyote vinampa habari moja: mtu yuko karibu. Ndiyo maana mkojo wa mbweha haukukufaa. Kuunyunyiza juu ya jasho ni sawa na kumwaga uturi juu ya kikwapa. Hata sisi wenye pua dhaifu tunavisikia vyote viwili, sembuse yeye.

Hata hivyo usidhani kwamba harufu ya mtu, popote ilipo, inamtimua. Huko mjini kwenu kulungu wanakula maua nyuma ya nyumba za watu, na harufu zetu wanazisikia usiku na mchana. Kinachowashtua ni harufu mbichi, nzito, mahali wasipozoea kuikuta. Kulungu wa msituni akipata chembe chache za harufu kuukuu anaweza kusita tu kisha akapita. Akipata harufu ya mtu aliye umbali wa mita 20 hangoji. Na wewe wa upinde unahitaji aje mpaka mita 20 hizo. Mwenye bunduki anaweza kukosea upepo kidogo na bado akapata mnyama umbali wa mita 100, kabla harufu haijamfikia. Wewe huna nafasi hiyo.

Jasho jipya karibu halina harufu. Bakteria wa kwapani na kinenani ndio wanaolivunja na kutoa asidi zinazonuka. Ngozi nayo inapukutika muda wote, maelfu ya chembe kila dakika, na bakteria wamo juu yake. Kisha kuna pumzi, inayobeba ulichokula jana. Huwezi kuacha kupumua kwa saa nne ukiwa juu ya mti. Kwa hiyo kila chupa inayoahidi kuondoa harufu yote ya mwili inaahidi kisichowezekana. Kupunguza utapunguza. Itakayobaki upepo utaibeba, na kazi yako kubwa ni kuamua unaipeleka wapi.

Hapo ndipo Pangani iliponisaidia. Alfajiri ngalawa zinatoka na umande, ule upepo baridi unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Jua likishachoma, nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo wa bahari unaingia kujaza nafasi. Huo ndio unaowarudisha wavuvi. Hakuna nahodha anayeshindana na pepo hizo. Anazipangia safari. Sasa uchukue mwendo huohuo uuweke kwenye mteremko. Usiku ardhi inapoa, na hewa iliyo juu yake inakuwa baridi na nzito, inateremka kama maji, inafuata makorongo mpaka kijitoni. Asubuhi jua likipiga mteremko, hewa inapata joto, inakuwa nyepesi na kupanda. Vilima vyako ni vya eneo ambalo barafu ya zama za mwisho haikulifikia na kulisawazisha, kwa hiyo miteremko ni mikali na mabonde ni membamba, na mwendo huu wa hewa una nguvu kuliko huko mashambani kwenye tambarare.

Sasa mfuate kulungu mwenyewe. Usiku wako kwenye mahindi na soya. Karibu na mapambazuko wanaondoka mashambani kwenda kulala, na katika vilima vya namna ile mara nyingi wanalala theluthi ya juu ya mteremko, upande uliokingwa na upepo, demani kama wanavyosema mabaharia. Upepo unaovuka kilele unawajia mgongoni, macho wameyaelekeza chini. Anayetoka nyuma wanamnusa, anayetoka chini wanamwona, na jua likishapanda hata huyo wa chini harufu yake inawafikia. Dume aliyezeeka hakuzeeka kwa bahati. Analala mahali kama hapo kila siku.

Wewe nawe uko chini, kijitoni. Kabla ya jua, harufu yako inajikusanya bondeni kama ukungu na kuteremka taratibu kufuata maji, na kila kulungu anayevuka kijito upande huo anaikuta. Katikati ya Oktoba jua linachomoza huko kama saa moja na nusu asubuhi. Mteremko unaotazama mashariki unapata joto kwanza, na yote uliyokwisha kuyajaza bondeni yanaanza kupanda hadi kwa wanyama waliolala juu yako. Wanakujua kabla hujawaona. Jioni unahama, unakaa kileleni. Kulungu wanaamka na kuteremka kwenda kula, na hewa nayo inapoa na kuteremka pamoja nao. Unawamwagia harufu kichwani.

Basi geuza. Asubuhi kaa juu, jioni kaa chini.

Ina masharti yake. Asubuhi ingia kwa nyuma ya kilima, kwa njia ya juu, usikatize mashamba ambako wanyama bado wanakula gizani. Panda mti ulio juu kidogo ya njia wanayoipitia kwenda kulala. Kabla ya jua hewa bado inateremka, kwa hiyo chagua mti ambao chini yake pana korongo au genge wasilolipitia, harufu yako iporomokee huko. Halafu kuna kipindi kibaya kuliko vyote, pale hewa inapoacha kuteremka na bado haijaanza kupanda. Nusu saa, pengine saa nzima, inazunguka tu, inakwenda huku na kurudi. Watu wengi wananusika wakati huo na kudhani sabuni yao ni mbovu. Siku nyingine mimi nasubiri kipindi hicho kipite, naingia msituni saa tatu au saa tatu na nusu hewa imekwisha tulia katika kupanda kwake, hasa mwanzoni mwa Novemba wakati madume wanatembea mchana kutwa wakitafuta majike na kupita vileleni.

Jioni kaa chini, karibu na njia inayoelekea shambani, lakini upande wa chini wa kijito kuliko njia hiyo. Kulungu watatoka juu, na harufu yako itateremka na maji kuwaacha nyuma. Bonde lenye maji baridi na kivuli huanza kuvuta hewa chini mapema, hata jua bado liko juu ya miti, kwa hiyo huhitaji kungoja magharibi.

Yote hayo ni siku za upepo mwepesi na jua. Mawingu yakifunika, tofauti ya joto inakuwa ndogo na hewa ya mteremko inalegea. Upepo wa jumla ukivuma kwa nguvu, unaushinda mwendo wa vilima. Miteremko inayotazama kaskazini, yenye kivuli, inachelewa kugeuka. Simu itakuambia upepo unatoka wapi, na unatajwa kwa unakotoka, kama tunavyosema kaskazi na kusi. Wimbi la hewa baridi likishapita huko kwenu mara nyingi upepo unageuka kuwa wa kaskazini-magharibi. Lakini kipimo cha kituo cha hali ya hewa kimewekwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Wewe uko kati ya mialoni, nyuma ya kilima. Upepo ukivuka kilele unajiviringa upande wa demani na unaweza kurudi kupanda mteremko kinyume kabisa na simu inavyosema. Ukingo wa msitu unaopakana na shamba nao unazungusha hewa vivyo hivyo.

Ndiyo maana nakusihi utafute sufi. Kuna mmea wa porini wenye utomvu mweupe, Wamarekani wanauita milkweed, nao ndio chakula cha viwavi wa kipepeo wa monaki. Mwisho wa Septemba na Oktoba maganda yake yanapasuka kando ya barabara na mashamba, na ndani mna nyuzi laini nyeupe mithili ya sufi ya msufi wa kwetu. Mfanano huo una historia: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilipoikalia Java na sufi ya maboya ya kuokolea mabaharia ikaadimika, watoto wa shule wa Marekani walitumwa kukusanya nyuzi hizi kuziba pengo. Jaza chache kwenye kikopo, ukiwa juu ya ulingo wako achia moja, uifuate kwa macho. Wasasi wa kwetu wanagonga kijifuko cha majivu na kuona yanakoelekea, na dukani huku utauziwa chupa ya unga wa kupuliza. Vyote viwili vinakuonyesha mita chache za mwanzo. Sufi inakuonyesha mita 50, 80, jinsi inavyopanda, inavyosita, inavyogeuka kwenye korongo na kurudi. Siku ya kwanza niliyoiachia kutoka kwenye mti nilioupenda kuliko yote, ilikwenda vizuri kama mita 30, ikazunguka, ikatua juu ya njia ileile niliyokuwa nailinda. Mti ule niliuacha siku hiyo, baada ya misimu miwili.

Lipo jambo ambalo wawindaji wazoefu wanalijua na wapya hawalipendi. Ukichagua mahali ambapo upepo ni mzuri kabisa kwako, mara nyingi ni mbaya kabisa kwa dume, na dume mzee hapiti mahali pasipompa harufu ya mbele. Unatafuta mahali ambapo yeye anaona upepo ni wake, na wewe umekaa pembeni kidogo tu ya mkondo, harufu yako inapita mita kadhaa kando ya njia yake. Ni hesabu ya wembamba sana. Siku nyingine atageuka hatua mbili na kukunusa. Lakini ndipo wanapopatikana wale wakubwa.

Ulingo wa juu unasaidia kidogo: ukiwa mita 5 au 6 juu, harufu inaweza kupita juu ya mnyama aliye karibu na kutua mbali zaidi. Usipande zaidi ya hapo kwa ajili ya harufu. Na usipande hata mita moja bila mkanda wa usalama uliofungwa mtini tangu unapoacha ardhi. Nimefundisha usalama wa uwindaji miaka mingi, na wanaoumia nilioonana nao wengi walianguka mtini.

Kuingia na kutoka kuna uzito sawa na kukaa. Njia yako inabaki na harufu kwa saa nyingi, kwa hiyo usikanyage njia yao, na usishike matawi kwa mikono mitupu. Mabuti ya mpira yananyonya harufu kidogo kuliko ya ngozi. Yavae msituni tu, usiyavae kituo cha mafuta wala kwenye gari. Panapowezekana tembea ndani ya maji ya kijito. Kosa ninaloliona zaidi ni watu kupanda kilima wamevaa koti zito la baridi, wanafika wamelowa, kisha wanakaa saa tatu wakifuka jasho. Tembea na fulana, koti lifunge juu ya mkoba, nenda polepole mpaka uone aibu kwa upole wako, na lile koti ulivae ukiwa umekwisha poa. Hilo peke yake litakusaidia kuliko chupa yoyote uliyonunua.

Sasa vitu vyako. Sabuni isiyo na harufu ni nzuri, endelea nayo, uoge pamoja na nywele, na taulo lako nalo lifuliwe kwa sabuni hiyo. Nguo zifue kwa sabuni isiyo na manukato wala ving'arishi, au kwa magadi soda, uzianike nje, uzihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na majani makavu ya hapo unapowindia. Ving'arishi nimevitaja kwa sababu nyingine: kulungu huona vizuri kuliko sisi rangi ya buluu, na hata miale ya zambarau isiyoonekana kwetu, na nguo yenye ving'arishi humwakia. Rangi ya chungwa haimsumbui hivyo, kwa hiyo msimu wa bunduki ukifunguliwa Novemba, vaa chungwa au waridi kali kama sheria inavyotaka hata kama umeshika upinde.

Dawa ya kupuliza itumie kwenye mabuti, kofia na mkoba kama bado unayo. Ikiisha usinunue nyingine haraka.

Suti ya kaboni inahitaji maneno zaidi, maana ndiyo iliyokula pesa yako. Kaboni hiyo ni mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vidogo mno, na vitundu hivyo hunasa molekuli za harufu. Kanuni hiyo ni ya kweli. Ndiyo inayosafisha maji na hewa viwandani. Tatizo ni kwamba vitundu vinajaa. Viwandani mkaa huo husafishwa kwa joto la karibu nyuzi 800 za sentigredi. Mashine yako ya kukaushia nguo haifiki hata nyuzi 100. Itatoa baadhi ya harufu zilizoshikwa kilegelege, mengine yatabaki. Tena suti haifuniki mdomo wala pua. Mwaka 2002 mtafiti John Shivik alichapisha jaribio la mbwa waliofunzwa kutafuta watu: waliwapata waliovaa suti za namna hiyo karibu sawasawa na wasiovaa. Mbwa si kulungu, lakini mimi sioni sababu ya kudhani pua ya kulungu ni butu kuliko hiyo. Suti unayo, ivae. Ni nguo nzuri ya msituni. Usiipe kazi ya upepo.

Ozoni nayo ni hewa yenye sumu kwa mapafu. Inaunguza harufu kweli, lakini kwa kiwango kinachoweza kufanya kazi hiyo inakudhuru ukiivuta, na Shirika la Mazingira la Marekani limekwisha waonya watu juu ya mashine za ozoni majumbani. Pia inapasua mpira: mabuti, lastiki za nguo, vipande vya mpira vya upinde wako. Una watoto ndani ya nyumba? Basi usiilete.

Najua kinachofuata dukani baada ya mkojo wa mbweha ni mkojo wa kulungu wa kuvutia madume. Hapo naomba tahadhari kubwa. Kuna ugonjwa unaowakondesha na kuwaua kulungu, unaosababishwa na protini iliyoharibika iitwayo prioni. Uligunduliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 kwa wanyama wa kufugwa. Unapita kwenye mate, kinyesi na mkojo, na prioni zinadumu udongoni kwa miaka. Mwaka 2016 ulipatikana kwa kulungu wa porini wilaya ya Fillmore, katika vilima hivyohivyo unavyowinda. Chupa ya mkojo inatoka kwa kulungu wa kufugwa, pengine jimbo jingine. Jimbo la Virginia limepiga marufuku mkojo halisi msituni tangu 2015, na sheria za majimbo mengine hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni cha msimu huu kabla ya kufungua chupa yoyote. Mimi siutumii kabisa, na sijaona nilichokosa. Ukipata mnyama, peleka sampuli yake ipimwe, vaa glavu unapomchuna, na nyama usiile mpaka majibu yatoke. Wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyeambukizwa isiliwe.

Kwa hiyo nifanyie hivi. Jumamosi ijayo acha upinde nyumbani. Chukua kikopo cha sufi, daftari na kalamu, uende kwenye kilima chako. Chagua miti mitatu, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja karibu na kijito. Anza kileleni gizani, kabla ya saa moja, ushuke mti hadi mti, urudi tena juu, mpaka jioni, jua linapozama kama saa kumi na mbili na nusu. Kila nusu saa achia nyuzi mbili tatu, uandike saa, mti, anga lilivyo, upepo wa simu, na sufi ilikotua. Utawashtua kulungu kadhaa siku hiyo; waache, watarudi. Kisha niandikie. Nataka hasa kujua sufi ya mti wa katikati ilifanya nini kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na kama kuna korongo upande wake wa kusini, maana kutokana na hilo nitakuambia uweke ulingo upande gani wa mti na uingilie wapi.